Pampu Moja, Video Mbili

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo ya vifaa, dada mmoja wa kitengo chetu cha picha na sauti alinionyesha anavyoshusha video kutoka mtandaoni. Alibandika anwani ya ukurasa, akabonyeza mara moja, akaenda kumimina chai. Aliporudi, video ilikuwa imeshakaa kwenye kompyuta yake kama mgeni aliyezoea kiti.

"Mzee, enzi zenu mlikuwa mnafanyaje?" akaniuliza kwa adabu, kwa ile sauti ya kumuuliza mtu kama aliwahi kuwinda kwa mishale.

Nikamwambia nitaandika. Sasa naandika, na ninawaomba radhi mapema ninyi mnaobaki kazini: nilidhani hasira imeniisha. Nimekaa chini kuandika habari za kompyuta nikagundua kwamba bado ninasaga meno.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa na shirika moja la maji lenye ofisi mjini Meru, upande wa kuelekea Kaaga. Jina lake halitawasaidia. Lilishabadilishwa mara kadhaa, kila mara baada ya ukaguzi. Chuo kikuu nilikuwa nimesoma fasihi, na nikaandika tasnifu ndefu juu ya ukimya katika ushairi. Shirika liliitazama shahada yangu, likaitazama mikono yangu, likanipa jenereta nibebe.

Siku ya kwanza tulikwenda Kiritiri, kule Mbeere, kuonyesha filamu ya kipindupindu. Kabla ya filamu nilisimama nikahutubia kwa Kiswahili sanifu juu ya uchafuzi wa vyanzo vya maji na athari zake kwa afya ya jamii. Mama mmoja akamwinamia mwenzake, akauliza kwa Kimbeere nimesema nini. Mwenzake akajibu, "Anasema tuchemshe." Tangu siku hiyo nilifupisha hotuba.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa Shirika. Alikuwa Bwana Hamisi, fundi wa televisheni na deki mjini Meru, ambaye ndugu zake walikuwa na malori na yeye peke yake katika ukoo hakupenda kusafiri. Alinifundisha kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, kukunja waya bila kuuvunja ndani, na kuvunja kile kijino kidogo mgongoni mwa kaseti ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine juu yake. Kila kaseti niliyomletea aliigeuza kwanza atazame kijino.

"Hujavunja," alikuwa akisema.

"Nitavunja, Bwana Hamisi."

"Utavunja wakishafuta. Wewe unaona picha kwa kioo unafikiri unayo. Huna. Waya ikikatwa saa hii, uko na nini?"

Nilidhani anazungumzia mambo ya umeme tu.

Sasa niseme habari ya pampu, kwa maana ndiyo habari yenyewe.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, Shirika liliweka pampu ya mkono kwenye kisima cha kikundi cha akina mama, nje kidogo ya Kiritiri. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Njiru, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kukusalimu. Kabla ya pampu, akina mama walikuwa wakichimba maji katika mchanga wa mto uliokauka, na malori ya mchanga yalikuwa yakichimba hapohapo, kwa hiyo mashimo yalikuwa yakienda chini mwaka hadi mwaka na kingo zake zikizidi kulegea.

Pampu ilikuja na mkono mfupi na mgumu, uliotengenezwa na watu wasiowahi kuwa na umri wa Mama Njiru. Akina mama hawakuandika barua kwa mtu. Waliufungua ule mkono, wakaupeleka sokoni kwa fundi wa kuchomelea aliyeitwa Nyaga, akaurefusha kwa bomba alilolikata kwenye fremu ya baiskeli. Mama Njiru akazungushia mpira wa tyubu mahali pa kushika. Basi, hata msichana mdogo akaweza kuisukuma.

Nilitumwa kupiga video. Nilirekodi akina mama wakicheza, nikarekodi maji, na nikaukaribia ule mkono kwa kamera mpaka kovu la kuchomelea aliloacha Nyaga likajaa kioo. Mkurugenzi wetu, Bwana Murithi, hakuupenda.

"Bwana Mwenda, hicho chuma usikionyeshe sana," akaniambia. "Kinaharibu sura ya kifaa."

Kaseti ikachukuliwa jioni ileile, kwa sababu kaseti zote zilikuwa mali ya Shirika na zilipelekwa makao makuu ng'ambo. Hazikuwa zikirudi. Sikupata nafasi ya kuvunja kijino wala kutoa nakala.

Miezi ikapita, lori la Shirika likaenda Kiritiri likaing'oa pampu. Akina mama waliambiwa inapelekwa Nairobi kufanyiwa matengenezo. Haikuwa mbovu. Waliambiwa ni matengenezo ya kuzuia ubovu, na mtu anayekuja na lori na wanaume wanne wenye spana huwa habishiwi sana. Akina mama wakarudi mtoni. Msimu wa kiangazi ukingo wa shimo ulimporomokea mama mmoja aliyeitwa Marigu, ukamvunja mguu. Nilimwona baadaye amekaa nje kwake, mguu umenyooshwa mbele kama si wake.

Kila nilipouliza ofisini, pampu ilikuwa bado Nairobi.

Wakati huo ndipo mtandao ulipoingia Meru, au tuseme ulipita karibu. Ofisi ilipewa kompyuta moja yenye modemu, iliyopiga simu hadi Nairobi kupitia laini ileile ya mapokezi. Ilikuwa ikilia, inakoroma, inanyamaza, kisha kama imekuhurumia inakubali. Makao makuu walikuwa na tovuti, na katika tovuti hiyo kulikuwa na ukurasa wa video, kila moja ukubwa wa kiberiti. Nikiwa mtu wa kitengo, nikatumwa kuhakikisha majina ya mahali yameandikwa sawa.

Video ya kwanza ilikuwa yangu, ile ya Kiritiri. Kumbe makao makuu waliupenda sana ule mkono wa baiskeli. Walikuwa wameuandikia maneno marefu kuhusu ubunifu wa jamii. Video ya pili ilipigwa na kikosi kilichokodiwa Nairobi, sikuwa nimewahi kuiona. Ilikuwa ya uzinduzi wa pampu mpya upande wa chini wa Mikinduri, Tigania. Pampu ilikuwa imepakwa rangi ya samawati inayong'aa. Mkono wake ulikuwa mrefu. Katikati ya mkono kulikuwa na kovu la kuchomelea, na mwisho wake mpira wa tyubu, umepakwa samawati pia.

Nilikaa pale nikitazama kiberiti kile. Niliwahi kukijaza kioo kizima kwa kovu lile, nisingelisahau. Na nikaelewa hesabu yake yote. Mtu wa Kiritiri hana shughuli Mikinduri, na mtu wa Mikinduri hana shughuli Kiritiri. Kati yao kuna Embu nzima na Meru karibu yote, na hata lugha hawasikizani vizuri. Pampu moja ingeweza kuzinduliwa mara nyingi kama ingekuwa na rangi ya kutosha. Wafadhili walikuwa wakihesabu video.

Chini ya ukurasa kulikuwa na taarifa kwamba video za zamani zitaondolewa mwisho wa mwezi ili kupisha mpya. Ya Kiritiri ndiyo ilikuwa ya zamani. Ikiondoka, mtu pekee wa kusema kwamba mikono ile miwili ya pampu ni mkono mmoja angekuwa mimi, mbeba jenereta, dhidi ya Mkurugenzi. Akina mama hawangerudishiwa kitu.

Basi ndipo nilipojifunza kazi ambayo ninyi mnaifanya huku mkimimina chai.

Kwanza nilibofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya nikitafuta neno la kuhifadhi. Halikuwepo. Nikahifadhi ukurasa mzima. Nikapata maandishi yote, na mahali pa video mraba mtupu. Nikawa na maelezo ya ubunifu wa jamii bila jamii. Nilikwenda kwa Bwana Hamisi kulalamika. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta, lakini aliuliza swali la fundi: "Hiyo picha ikichezwa inatoka hewani moja kwa moja, au mashine inaiweka mahali kwanza?"

Sikujua. Nilirudi nikachokonoa, na kweli, mashine ilikuwa ikiiweka mahali. Kivinjari kilikuwa na folda yake ya siri ya vitu vya muda, na kila ulichokitazama kilitupwa humo kwa jina lisilo na maana, herufi na namba tu. Ukifunga dirisha, kinafuta. Kwa hiyo kazi ilikuwa hii: kuiacha video iteremke yote hadi mwisho, kutofunga kitu, kufungua folda ile, kupanga mafaili kwa ukubwa, kuchukua kubwa kuliko yote, kulihamishia kwingine, na kulipa jina la kibinadamu.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, faili kubwa kuliko yote lilikuwa picha ya Bwana Murithi akitabasamu. Ilikuwa kubwa kuliko video. Niwaambie ukweli, nilitoka nje nikazunguka ofisi.

Tatizo la pili lilikuwa simu. Laini ikikatika katikati, video nayo inakatika, na faili linakuwa takataka. Na laini ilikuwa chini ya Kendi wa mapokezi.

"Kendi, umeinua simu?"

"Nimeinua kidogo tu, nisikie kama iko."

"Iko. Yaani, ilikuwa iko."

"Ilikuwa inalia kama mbuzi inachinjwa, Mwenda. Nikasema imeharibika, nikairudisha nikainua tena."

"Usiinue tena, tafadhali."

"Na Mkurugenzi akitaka kupiga? Nimwambie simu inachinjwa?"

Kulikuwa na wakati mmoja tu wa siku ambapo hakuna mkono ulioigusa simu ile: maombi ya asubuhi. Ofisi yetu ilikuwa na desturi hiyo, na wengi wenu mnaijua. Kila siku, kabla ya kazi, wafanyakazi wote walikusanyika ukumbini, tukaimba, na Mkurugenzi mwenyewe akaomba. Aliomba kwa urefu. Aliombea mvua, wafadhili, safari, magurudumu ya magari. Hata Kendi alikuwa akiiacha simu ilie mpaka amina.

Nikaanza kukosa maombi. Wao waliimba ukumbini, mimi nilikaa mbele ya mashine nikitazama mstari mdogo unaojaa polepole chini ya video. Ukuta ulikuwa mwembamba; nilimsikia Bwana Murithi akimshukuru Mungu kwa maji safi ya akina mama wa Mikinduri huku maji yenyewe yakiteremka kwenye kompyuta tone kwa tone. Kwa mara ya kwanza nilimwombea maisha marefu, angalau hadi video iishe.

"Sikukuona maombini, Bwana Mwenda," akaniambia siku moja kwenye korido.

"Nilikuwa nasikiliza kutoka huku, Mkurugenzi."

"Mungu anataka tuonekane."

Alikuwa na imani kubwa sana katika kuonekana.

Nilizipata zote mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Sikuwa na namna ya kuzipeleka Kiritiri ndani ya kompyuta, kwa hiyo niliweka kamera mbele ya kioo, nikazikuza, nikazirekodi kwenye kaseti ya kawaida, ya Kiritiri kwanza, ya Mikinduri ikifuata. Kamera na kioo havikupatana. Kwenye picha kulikuwa na mstari mweusi unaopanda toka chini hadi juu bila kuchoka. Lakini mkono ulionekana, kovu likaonekana. Nikavunja kijino palepale.

Kisha akaja mgeni kutoka makao makuu, mama wa makamo aliyesimamia ile tovuti. Bwana Murithi alikuwa amempangia Mikinduri peke yake. Mgeni akasema anataka Kiritiri pia. Alitaka kuwaona wenye mkono wa baiskeli. Akaambiwa pampu iko Nairobi kwa matengenezo. Akasema si neno, atawasalimu akina mama. Mimi nikaagizwa kubeba televisheni, deki na jenereta, nikaonyeshe filamu ya kipindupindu.

Tulipofika, akina mama walikuwa wameketi darasani, katika shule ya karibu, madirisha yamezibwa kwa leso zao za kujifunga ili kioo kionekane. Mgeni hakujua Kiswahili, kwa hiyo Mkurugenzi alimtafsiria. Mama Njiru akasimama.

"Pampu yetu ilienda kabla hatujavuna ndengu," akasema. "Tukavuna. Tukapanda ingine, tukavuna. Marigu alivunjika mguu kwa mchanga. Tunauliza, hiyo Nairobi iko mbali namna gani?"

Bwana Murithi akamgeukia mgeni, akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba akina mama wanashukuru kwa ushirikiano na wanaendelea kuwa na subira.

Mikono yangu ilikuwa imeshika filamu ya kipindupindu. Nikairudisha kwenye begi, nikaingiza ile nyingine.

Walipojiona, darasa lilipasuka.

"Ona Marigu! Ona vile anarusha kiuno!"

"Mama Njiru, hiyo leso uliazima kwa nani?"

"Video," Mama Njiru akaniita, maana ndilo jina alilonipa, "hiki kitu cheusi kinapanda ni nini? Ni mvua?"

Marigu alikuwa akicheka kuliko wote, mguu wake umenyooshwa juu ya dawati, akijitazama akicheza. Nilitamani kuvunja kitu.

Kisha picha ikabadilika, ikaja ile ya samawati. Akina mama wasiowajua walikuwa wakisukuma pampu, mtangazaji akiitaja Mikinduri. Vicheko vikapungua, vikaisha. Bwana Murithi akainuka kidogo kitini, akasema deki ina hitilafu.

"Video, simamisha hapo," Mama Njiru akasema.

Nikasimamisha. Picha ikawa inatetemeka, lakini mkono ulikuwa katikati ya kioo. Mama Njiru akaenda mbele, akaweka kidole chake cha kushoto juu ya kovu.

"Huu ni wetu."

"Mama, pampu zote zinafanana," akasema Mkurugenzi.

"Pampu zinafanana. Lakini Nyaga hajawahi kuchomelea kitu Mikinduri, hata ndugu huko hana. Na hii tyubu nilifunga mimi, kwa kushoto, vile nafunga kuni. Hiyo fremu ilibaki, mbuzi yangu imefungwa nayo. Mtu aende ailete mgeni aone."

Mama mmoja akatoka mbio. Fundo lilimshinda kufungua, kwa hiyo aliporudi alileta fremu pamoja na mbuzi. Mgeni akaishika fremu, akautazama mwisho uliokatwa, akatazama kioo. Hakuna aliyemtafsiria kitu. Mbuzi alikuwa akila leso ya dirisha.

Bwana Murithi akanigeukia. Hakusema neno juu ya pampu. Alisema, "Nani alikupa ruhusa kuchukua picha za Shirika kwenye mtandao? Huo ni wizi!"

"Kumbe hilo neno analijua!" Marigu akasema kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena, kicheko cha watu waliokasirika kabisa.

Mgeni akanigeukia mimi badala ya Mkurugenzi. Akasema pampu itarudishwa Kiritiri wiki ileile. Safari hii nilitafsiri mimi. Nilitarajia vigelegele. Mama Njiru akabaki amesimama kando ya televisheni, akiwatazama wale akina mama wa Mikinduri waliokuwa wakitetemeka kwenye kioo, mmoja ameinama na jerikeni.

"Muulize," akaniambia. "Hawa nao mtawaambia imeenda Nairobi?"

Nikamtafsiria. Mgeni akaishusha fremu sakafuni.

"Yao waachiwe," akasema Mama Njiru. "Sisi mtuletee yetu."

Siku chache baadaye video zote mbili zilitoweka kwenye tovuti. Mahali pake paliandikwa kwamba ukurasa unaboreshwa. Duniani kote nakala zilikuwa kwangu tu. Bwana Murithi alinidai kaseti, nikampa ya kipindupindu, na hadi leo sijui kama aliwahi kuitazama. Hakufukuzwa. Alihamishiwa ofisi kubwa zaidi Nairobi, na nasikia alimalizia miaka yake akiendesha semina za uwajibikaji. Ninyi mnaoniuliza kwa nini bado nina hasira, someni sentensi hiyo mara ya pili.

Pampu mpya ilifika Kiritiri. Mpya kweli, karatasi ya kiwandani ingali imefungwa shingoni. Nilitumwa huko nikiwa na kamera, na agizo lilikuwa wazi: akina mama wapangwe, wacheze, kisha maji yafunguliwe, nirekodi furaha kutoka mwanzo. Nikashuka garini nikianza kufungua miguu ya kamera.

"Video," akasema Mama Njiru. "Hiyo ikae kwa gari."

"Mama, nimetumwa."

"Najua umetumwa. Ile ya kwanza tulicheza, ikapigwa picha, ikaenda. Hii tutakunywa kwanza. Kama unataka kazi, shika jerikeni ya Marigu."

Nikaifungia kamera ndani ya gari, nikakunja suruali, nikashika jerikeni ya Marigu. Nyaga alikuwa ameshakuja na mashine yake ya kuchomelea, anaupima mkono mfupi kwa macho.

Makao makuu waliniandikia tena na tena wakiuliza video ya uzinduzi iko wapi, waiweke kwenye tovuti. Kila mara niliwajibu kwamba akina mama bado wanakunywa.